Pedali ya Sauti Niliyoinunua Bunda

Sauti ilinipotea mara ya kwanza Mugango, kwenye harusi ya binti wa mvuvi mmoja, wakati maharusi wanaingia. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, gita limelala mapajani, mguu wa kulia juu ya pedali, napiga wimbo wa taratibu ambao bibi harusi mwenyewe aliuomba. Nilipofika mahali pa kuivuta sauti ipande, ikashuka. Haikukatika. Ilishuka polepole, kama redio ambayo mtu anaipunguza ili amsikie mgeni aliyebisha hodi. Kinanda kiliendelea, ngoma ziliendelea, mimi nikawa natelezesha chuma juu ya nyuzi na hakuna kinachosikika. Mama mmoja wa mstari wa mbele alinitazama usoni, akanitazama mikononi, kisha akamnong'oneza mwenzake.

Sikuangalia nyuzi. Niliangalia nyuma, chini ya turubai, alikokaa fundi mitambo wetu na miksa yake.

Kutoamini watu ni kazi iliyonilea. Kabla ya kustaafu nilikuwa mpimaji wa pamba, nikizunguka vituo vya vijiji vya Bunda msimu hadi msimu. Nimeona mchanga ndani ya pamba. Nimeona jiwe limeviringishwa kwenye shati la mtoto na kuwekwa katikati ya mzigo. Nimeona pamba iliyonyunyiziwa maji alfajiri ili ivute mizani, na nimeona wapimaji wenzangu wakiegemea mizani kwa goti huku wanamuuliza mkulima habari za mkewe. Mtu akinisalimia kwa furaha nyingi asubuhi ya kupima, mzigo wake niliukagua mara mbili. Basi hata baada ya kustaafu na kuhamia Bweri, Musoma, kwenye nyumba yangu ambayo upande wa nyuma bado haujapigwa lipu, macho yalibaki yale yale.

Gita lenyewe lilifika kanisani kwetu kwa bahati. Kanisa lilinunua Mwanza rundo la vyombo vya muziki vilivyotumika, na ndani ya rundo hilo kulikuwa na kitu ambacho kwaya walikiona kama ubao wa kukatia nyama uliofungwa nyuzi. Mimi nililijua. Utotoni nilikuwa nasikia sauti yake kwenye redio ya baba, ile sauti inayoteleza kutoka noti moja kwenda nyingine bila kupiga hatua. Ni gita la kulaza. Hulishiki kifuani; unalilaza mapajani, mkono mmoja unacharaza nyuzi, mwingine unatelezesha kipande cha chuma juu yake. Nilijifunza mwenyewe, kwa sikio, na mke wangu alivumilia.

Ila gita la kulaza bila pedali ya sauti ni nusu ya gita. Ukicharaza uzi, sauti inaanza na nguvu na kufa haraka. Pedali ndiyo inayoizuia isife. Unaanza ukiwa umekanyaga kidogo, na sauti inavyopungua kwenye uzi, wewe unaongeza kwa ncha ya mguu, polepole, mpaka msikilizaji asijue ilianza kufa lini. Kisigino kikishuka, sauti inashuka. Vidole vikishuka, sauti inapanda. Kazi yote ya kulifanya gita liimbe iko kwenye kifundo cha mguu.

Niliinunua Bunda, kwa muuza vifaa vya muziki mwenye kibanda karibu na stendi, mtu mnene, mcheshi kupita kiasi. Alinitolea tatu. Ya kwanza ilikuwa ya plastiki, nyepesi, ukikanyaga inakimbia sakafuni. Ya pili ilikuwa na taa ndogo ndani. Alinieleza kwamba mwanga ndio unaopima sauti, hakuna kitu kinachosuguana, kwa hiyo haikwaruzi kamwe. Ila ilitaka umeme wake yenyewe, na mimi naujua umeme wetu. Ya tatu ilikuwa ya chuma, nzito kama pasi ya mkaa. Ndani yake kuna uzi uliozungushwa kwenye kidude cha volyumu. Ukikanyaga, uzi unavuta, kidude kinazunguka. Nilimwomba bisibisi, nikaifungua pale pale mezani kwake.

"Mzee wangu, hiyo orijino," alisema. "Watu hawaifunguagi."

"Ndiyo maana naifungua."

Nilikagua uzi. Nilikanyaga mara nyingi nikisikiliza kama inakwaruza. Niliiegesha katikati kuona kama inabaki au inaanguka yenyewe, kwa sababu pembeni kuna skrubu ya kukaza, na ikilegea pedali haikai pale ulipoiacha. Ilikaa. Nikaichukua, lakini njia nzima hadi Musoma niliwaza kwa nini yule bwana alikuwa anacheka vile.

Kwa hiyo sauti ilipopotea Mugango, nilikuwa na watuhumiwa wawili tayari: aliyeniuzia, na fundi mitambo.

Nilianza na wa Bunda. Nilimwekea pedali mezani bila salamu ndefu.

"Inashuka yenyewe," nikamwambia.

Aliichomeka kwenye spika yake ndogo, akachukua gita la kawaida, akaibonyeza kwa mkono, juu, chini, juu. Sauti ilipanda na kushuka kama inavyotakiwa. Aliiacha katikati tukaitazama wote wawili. Haikusogea.

"Mzee wangu, labda waya."

"Waya nimebadilisha."

"Basi labda wale wa mitambo. Wale watu wakiwa na vidole vyao kwenye miksa, wanakuwaga na mambo."

Alinipa mtuhumiwa niliyekuwa naye tayari, na hilo likanifanya nimshuku yeye zaidi. Mtu mwenye hatia hupenda kukuonyesha mtu mwingine.

Nyumbani nikaifungua tena. Nilikaa kwenye mkeka sebuleni, viatu vyangu pembeni, pedali imelala mgongo. Nilisafisha kidude cha volyumu kwa ile dawa ya kupuliza ya mafundi redio, maana mafuta ya cherehani niliyotia mwanzoni yalikuwa yameshika vumbi na kuwa tope. Uzi niliutoa kabisa, nikaweka uzi wa kushonea nyavu niliopewa Mugango, ule uliosokotwa. Ule wa plastiki wa ndoana sikuutaka, maana unavutika kukiwa na joto. Nilikaza skrubu ya pembeni. Nilipofunga kifuniko cha chini, skrubu moja ilikuwa haipo.

"Umefagia hapa?" nilimuuliza mke wangu.

"Nimefagia asubuhi. Wewe umekaa hapo saa hizi."

"Skrubu imepotea."

"Mimi sijafagia skrubu, baba. Itafute chini yako."

Nilitafuta chini yangu, chini ya mkeka, chini ya kabati. Niliwaza pia kwamba yule wa Bunda alikuwa ameilegeza aliposhika pedali. Nilifunga zile zilizobaki, nikajaribu, na pedali ikafanya kazi vizuri. Nyumbani siku zote ilifanya kazi vizuri. Nyumbani nilikuwa napiga peku, nikiiangalia.

Jumapili, kanisani, katikati ya wimbo wa sadaka, sauti ikashuka.

Sasa akabaki fundi mitambo. Ni mtu mzima, ana duka la vifaa vya umeme hapo hapo Bweri, na amefunga nyaya za nusu ya nyumba mpya za mtaa wetu. Tulikuwa tunasalimiana vizuri. Ila nilikumbuka kwamba mpiga gita la solo wa bendi ya kanisa ni shemeji yake, na tangu nianze kupiga gita la kulaza, solo za yule shemeji zilikuwa zimepungua. Nikaunganisha mambo. Nikikumbuka jinsi nilivyoyaunganisha, yalikuwa yanaungana vizuri sana.

Niliweka mtego. Kwenye vituo vya pamba, tulipotaka kujua kama mtu amegusa mizani usiku, tuliweka alama ndogo ambayo yeye hawezi kuiona. Nilichukua rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, na Jumapili iliyofuata niliwahi kanisani kabla ya mtu yeyote. Kitufe cha gita langu kwenye miksa kilikuwa kwenye kiwango chetu cha siku zote. Niliweka nukta moja kwenye kitufe na nyingine kwenye ubao wa miksa, zikitazamana. Kitufe kikizungushwa, nukta zinaachana.

Ibada ikaanza. Wimbo wa pili, sauti ikashuka. Nilimtazama fundi, alikuwa ameinamia miksa. Wimbo ulipoisha niliweka gita chini, nikapita katikati ya watu kana kwamba naenda nje, nikasimama nyuma yake. Nukta zilikuwa zinatazamana.

Mtu mwingine angeishia hapo. Mimi niliwaza kwamba ameshusha halafu amerudisha, na kwamba kuzirudisha nukta mahali pake kabisa ni dalili kwamba ameziona.

Baada ya ibada nilimfuata akikunja nyaya.

"Ndugu yangu," nikasema, "kuna mtu ananishusha."

"Anakushusha wapi?"

"Hapo kwenye miksa."

Aliacha kukunja. "Kwenye miksa nakaaga mimi tu."

"Ndiyo hivyo."

Alinitazama, kisha akatazama kile kitufe. "Kumbe hii rangi ni yako. Nilidhani watoto wa Sunday school." Alivuta pumzi. "Mzee, nitakwambia ukweli. Nilikushusha mara moja. Ile siku ya msiba wa mama mchungaji, ulipopanda juu kule, watu wa mbele waliziba masikio. Mara moja tu. Mugango sijakugusa, leo sijakugusa."

Nilichosikia mimi ni kwamba amekiri. Nilimwambia mtu aliyeshusha mara moja anaweza kushusha mara kumi. Alinijibu kwamba basi nitafute fundi mwingine. Watu walianza kutusogelea, na mzee mmoja wa kanisa akanishika mkono na kunitoa nje kama mtu anayemtoa ng'ombe kwenye mahindi. Wiki ile sikwenda mazoezi.

Mwaliko wa Butiama ulikuja kabla mambo hayajapoa. Ndugu wa mke wangu, pale Mwitongo, walikuwa na shughuli ya kumuaga binti anayeolewa, na waliomba nipige peke yangu, bila bendi. Nilifurahi kuliko walivyojua. Bila bendi hakuna miksa, na bila miksa hakuna fundi. Gita, pedali, spika yangu mwenyewe, basi. Sauti ikishuka huko, nitajua ni pedali. Isiposhuka, nitajua ni yule mtu.

Tulifika mchana. Walinipa kiti barazani, wageni wakiwa uani, na mke wangu akakaa kwenye mkeka na dada zake, mbele yangu kabisa, macho yake yakiwa usawa wa miguu yangu. Nilivaa viatu vyangu vyeusi vya kanisani. Nilianza kupiga. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri na wanawake wakapiga vigelegele. Wa pili ulifika katikati, nikakanyaga ili sauti ipande, na sauti ikabaki pale pale, chini. Nikakanyaga zaidi. Ikabaki. Nikakanyaga kwa hasira.

Mke wangu aliinuka kwenye mkeka, akaja akachutama karibu na kiti.

"Unafanya nini?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Naikanyaga haipandi. Si nilikwambia yule wa Bunda ni tapeli?"

"Unakanyaga nini?"

"Pedali!"

"Baba, angalia chini."

Niliangalia. Pedali ilikuwa imekaa katikati, kimya, haina mtu. Kiatu changu kilikuwa pembeni yake, juu ya saruji, na nilikuwa naikandamiza ile saruji kwa nguvu zangu zote.

Nilijaribu kucheka. Niliurudisha mguu nikiuangalia, nikaupandisha juu ya pedali, nikafumba macho na kuendelea kupiga. Mke wangu hakuondoka. Alikaa pale pale chini akiangalia. Wimbo ulipoisha aliniambia alichokuwa ameona tangu wimbo wa kwanza: kisigino kinashuka chenyewe, kidogo kidogo, kama mguu wa mtu anayesinzia, na uso wangu hauna habari.

"Umekufa ganzi?"

"Haujafa ganzi. Ni kiatu."

"Vua."

"Mbele ya shemeji zangu?"

"Vua, tuingie ndani."

Tuliingia chumba cha dada yake. Nilivua kiatu, na soksi haikutoka. Ilikuwa imeganda kwenye unyayo. Aliilowesha kwa maji ya vuguvugu na kuivuta taratibu, na mimi nilikuwa namwangalia anavyokunja uso kwa ajili ya maumivu ambayo mimi sikuyasikia. Chini ya dole gumba kulikuwa na kidonda, chenye tundu. Aliinua kiatu akakitikisa, na kitu kikaanguka sakafuni na kulia. Ilikuwa ile skrubu ya pedali.

Nilikuwa nimeivaa tangu siku ya mkeka. Nilikuwa nimekwenda nayo kanisani, nimesimama nayo nyuma ya fundi mitambo, nimegombana nayo.

Mke wangu alikaa kitandani kwa dada yake, skrubu kiganjani. Uani walikuwa wananiita. Alitoka yeye, akawaambia mzee amepata kizunguzungu, wakaweka muziki wa simu.

Kesho yake tulikwenda hospitali Musoma. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, anaongea polepole kama mwalimu wa darasa la kwanza. Alisafisha kidonda, kisha akaniambia nifumbe macho.

"Nitakugusa kwa uzi mwembamba. Kila ukisikia, sema ndiyo."

Nilifumba macho nikasubiri. Nikasikia nesi anapita nje. Nikasikia pikipiki barabarani. Nikasubiri zaidi.

"Bado hujaanza?" niliuliza.

"Nimemaliza, baba."

Nilifumbua macho kwa haraka. Niliamini kabisa kwamba ananifanyia mchezo. Nilimwambia arudie, nikiwa nimefumbua jicho moja. Alitabasamu na kurudia. Nikauona ule uzi unagusa dole gumba, unapinda, unagusa unyayo, unapinda. Mguu ulikuwa mguu wangu, kucha ni zangu, na kovu la panga la utotoni lilikuwa mahali pake. Sikusikia kitu. Hapo ndipo nilipoogopa.

Walinitoboa kidole kupima sukari. Ilikuwa juu. Niliwauliza kile kimashine kimekaguliwa lini, mke wangu akanifinya. Walitumia kingine. Ilikuwa juu vile vile. Daktari alisema huenda nimeishi nayo miaka bila kujua, na mishipa ya fahamu ya miguu huanza kufa kimyakimya. Akaniuliza kama siku za karibuni nimejikwaa sana, au kandambili imenitoka bila mimi kujua. Nilikuwa najikwaa, nikalaumu mawe ya Bweri. Kandambili zilikuwa zinanitoka, nikalaumu waliozitengeneza.

"Ungechelewa na kidonda hiki," alisema, "tungekuwa tunaongea habari nyingine."

Kidonda kilichukua muda mrefu kupona. Nilikaa nyumbani mguu juu ya stuli, nikinywa uji wa ulezi usio na sukari na kumeza vidonge, na gita likiwa juu ya kabati. Jambo la kwanza nililofanya niliporuhusiwa kutembea lilikuwa kwenda dukani kwa fundi mitambo. Alikuwa anampimia mteja waya. Alinisubirisha mpaka mteja aondoke, na nadhani alinisubirisha kidogo zaidi ya hapo.

"Pole, mzee. Nimesikia."

"Ni mguu," nikasema. "Haukuwa wewe. Ulikuwa mguu."

"Kwa hiyo nimekuwa mwizi wa sauti mbele ya kanisa zima kwa sababu ya mguu wako."

"Nisamehe, ndugu yangu."

Alizungusha waya kwenye bobini yake. "Nimesamehe."

"Ila ile mara moja ulinishusha."

"Nilikushusha. Na ukipanda vile tena, nakushusha tena."

Alicheka. Nami nilicheka, ingawa si sana.

Kurudi kwenye muziki kulitaka mguu mwingine. Daktari alipima wa kushoto pia. Una uhai zaidi, hasa kwenye vidole. Nikaanza upya kama mtoto. Mguu wa kushoto ulikuwa haujui kitu. Ulikanyaga yote kwa mkupuo, sauti ikaruka kama mbuzi, mke wangu akatoka nje kwenda kuanika dagaa ambao walikuwa wameshakauka. Niliikaza skrubu ya pembeni ya pedali mpaka ikawa ngumu kidogo, ili inisukume nami niisikie. Chini nilibandika kipande cha tairi isiteleze. Pembeni ya pedali, kulia na kushoto, nilifunga vipande vya mbao, viwe kama ukuta, mguu ukitaka kutoka ugonge. Na sasa napiga nikiiangalia. Watu wa mbele hudhani nimeinama kwa sababu ya unyenyekevu.

Siku ya kwanza niliporudi kanisani nilipiga wimbo mmoja tu. Sauti ilitikisika mahali pawili, lakini haikupotea. Fundi mitambo aliinua dole gumba kutoka kule nyuma, na mimi, Mungu anisamehe, niliangalia kwanza mkono wake wa pili uko wapi.

Kila jioni, baada ya kunawa, mke wangu ananikalisha kwenye kiti cha uani na kunishika miguu mmoja baada ya mwingine. Anaigeuza kwenye mwanga, anapitisha vidole katikati ya vidole vyangu, anabonyeza kisigino. Mimi sisikii anapobonyeza. Naona tu mkono wake unavyotembea. Halafu anasema, "Safi, baba," na kuinuka.

Siku hizi naona anasema mapema mno. Kabla hajageuza wa kulia vizuri, ameshasema safi. Na juzi alisema safi, kisha akaushika tena mguu, akautazama. Nilimuuliza ameona nini. Akasema hajaona kitu, ni kivuli cha mkono wake. Alipokwenda jikoni nilichukua kioo chake cha mezani, nikakiweka chini kwenye saruji, nikainua mguu juu yake na kuinama mpaka kiuno kikalia, kuangalia mwenyewe.